Moto Ofisini kwa Watafiti

Jumatatu asubuhi Inspekta Damalie Taaka aliingia katika ofisi ya Jukwaa la Mpakani akiwa amevaa mabuti ya mvua. Maji yaliyouzima moto yalikuwa bado yamesimama sakafuni, meusi, na juu yake yakielea majivu ya karatasi. Kwenye dirisha lililopasuka, Mwamba wa Tororo ulionekana umejifunga ukungu kiunoni.

Jukwaa lilikuwa kikundi cha wasomi wa Uganda na Kenya. Kwa muda mrefu walikuwa wakikutana hapa Tororo, au kule Busia, kujadili jinsi wanasiasa wanavyoutumia ukabila kuombea kura. Jumamosi ijayo walipanga kuzindua kitabu chao cha kwanza, *Nani Alichora Mstari*. Maboksi yote yalihifadhiwa katika chumba hiki. Jumapili, watu wakiwa kanisani, chumba kikawaka.

John Paul Osinya, katibu wa Jukwaa, alisimama mlangoni, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nieleze tena," Taaka alisema.

"Nilikuwa natoka misa. Nikaona moshi. Nikakimbia, nikafungua kwa ufunguo wangu. Vitabu vilikuwa vinaungua, Afande. Lile jalada la bluu linajikunja, linajikunja kama jani la ndizi juu ya makaa. Nikashika boksi moja nilivute nje. Ndio haya." Aliinua mkono.

"Unadhani moto ulianzia wapi?"

"Dirishani. Wametupa chupa ya petroli. Si vijana walitangaza redioni kwamba watatuchoma?"

Taaka aliinama chini ya dirisha. Ndani hapakuwa na kipande hata kimoja cha chupa. Vioo vya dirisha vilikuwa vimeangukia nje, kwenye nyasi. Kufuli la mlango lilikuwa zima.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Dokta Oguttu, mwenyekiti wetu. Na Bridgit, lakini yeye anakaa Busia ya Kenya. Jana hakuwa huku."

"Sawa. Nenda upumzike. Usitoke mjini."

Alipobaki peke yake, Taaka alitafuta kijiti, akachuchumaa mbele ya rundo la maboksi. Alishawahi kuchunguza moto wa duka la vitabu vya shule, na alijua kwamba karatasi zikibanwa pamoja haziteketei upesi. Moto hula kingo, katikati hubaki. Pia alijua vitabu vipya hutoka kiwandani vimefungwa nailoni, na nailoni ikiyeyuka huganda kama gundi. Hapa hakuona gundi yoyote.

Alichokoa boksi la chini kabisa, akavuta bunda lililoungua pembeni tu. Aliligawanya kwa kidole gumba. Zilikuwa karatasi za mistari zilizoandikwa kwa mkono, mwandiko huu na ule, zimesahihishwa kwa wino mwekundu. *Jadili chanzo cha vyama vya siasa Afrika Mashariki.* Chini yake, alama.

Akachokoa boksi la pili, na la tatu. Yote yalikuwa mitihani ya zamani.

Taaka alikunja karatasi moja akaitia mfukoni. Kwa askari aliyekuwa akilinda mlango alisema tu, "Mtu asiguse kitu humu."

*

Kituoni walikuwa wameshamweka mahabusu Paddy, dereva wa bodaboda. Wiki iliyopita alipiga simu redioni akasema kitabu hicho ni cha kuligawa kabila lake, na kwamba atakichoma kwa mkono wake. Mji mzima ulimsikia. Jumapili jioni watu wenyewe ndio waliomleta kituoni.

"Jana ulikuwa wapi?" Taaka alimuuliza.

"Kisoko. Kwenye mazishi ya shangazi yangu. Mimi ndio nabeba msalaba mbele, watu yote waliniona. Uliza katekista."

"Lakini ulisema utavichoma."

"Nilisema." Paddy alimkazia macho. "Hata leo nasema. Lakini mimi si mjinga, Afande. Nilitaka nanunua moja kwanza, nasoma, naona kama wametutukana. Kama wametutukana, nachoma ile yangu. Ya mwingine nachoma ya nini?"

Taaka alimpigia katekista wa Kisoko simu. Katekista alithibitisha, tena akalalamika kwamba Paddy aliubeba msalaba mbio mbio, wazee wakaachwa nyuma. Taaka akamfungulia Paddy mlango. Nje, watu wawili watatu walinung'unika walipomwona akitoka.

*

Dokta Oguttu alimpokea sebuleni kwake. Alikuwa mzee mnene, mhadhiri mstaafu, anayetembea kwa fimbo lakini anayezungumza kama bado yuko mbele ya darasa. Alimtengea kiti, akamuulizia hali ya nyumbani, hasa mama yake kule Busia. Walikuwa Wasamia wote wawili, kabila linaloishi pande zote mbili za mpaka. Ndipo Taaka alipoiweka ile karatasi iliyoungua pembeni juu ya meza.

"Mwandiko huu mwekundu ni wa nani, Mzee?"

Dokta aliiangalia, kisha akacheka mpaka fimbo ikaanguka.

"Huyu kijana nilimpa alama nyingi kupita kiasi."

"Vitabu viko wapi?"

"Vimeungua. Hukusoma magazeti?"

"Mzee, kuna mtu amechoma nyumba. Kama upepo ungevuma, duka la jirani lingekwisha na watoto ndani. Mimi simtafuti mwandishi. Namtafuta aliyewasha kiberiti."

Dokta Oguttu aliokota fimbo yake, akaiegemeza vizuri.

"Unajua kwa nini wanatuchukia sasa?" alisema. "Miaka yote tuliandika kwa Kiingereza, kwenye majarida ya vyuo. Tuliandika mambo haya haya, na makali zaidi. Hakuna aliyetutupia hata jiwe. Tukasema safari hii tuandike Kiswahili. Si lugha ya Mteso, si ya Mjopadhola, si ya Msamia. Kila mtu sokoni ataelewa. Siku tuliyotangaza hivyo, simu zikaanza."

"Ndani kuna nini?"

"Sura ya tatu. Watafiti wetu walikwenda Kirewa, Petta na Kisoko wakati wa kampeni, wakarekodi hotuba za Mheshimiwa Ochen, mbunge wetu. Asubuhi anawaahidi hawa, kwa lugha yao, kwamba makao makuu ya wilaya mpya yatakuwa kwao, na wale wengine wataondolewa. Jioni anawaahidi wale wengine jambo hilo hilo, kwa lugha yao. Tumeweka hotuba mbili hizo ukurasa kwa ukurasa. Hatukuongeza neno."

"Na mtaendelea kukitoa?"

"Mwanangu, hata wakichoma na hii nyumba yangu, nitakisoma nikiwa nimesimama kwenye majivu. Na cha pili tumeshaanza kukiandika, kinahusu upande wa Kenya, wasidhani tumewasahau." Alimtazama kwa muda. "Nenda Busia umwone Bridgit. Lakini nenda kama binti wa Kisamia. Ukivuka pale, kofia yako haina kazi."

*

Taaka alivuka mpaka mchana, amevaa gauni na viatu vya wazi. Alipanga foleni ya kitambulisho pamoja na wanawake waliobeba mayai na mihogo, akatokea upande wa Kenya.

Bridgit alikuwa mwalimu wa chuo, lakini siku hiyo alikuwa kwenye kibanda cha mama yake cha mitumba, nyuma ya soko. Alimtazama Taaka mara moja tu.

"Dokta amenipigia," alisema. "Ingia. Mama, tupishe kidogo."

"Nipishe niende wapi na duka ni langu?" mama yake alijibu, akaendelea kukunja suruali.

Bridgit alivuta marobota mawili ya nguo. Nyuma yake yalikuwepo maboksi, yamepangwa mpaka juu, yamefunikwa mapazia ya zamani.

"Alhamisi nilipigiwa simu," alieleza. "Namba siijui, sauti imefinywa. Ikasema vitabu havitafika Jumamosi, afadhali tuahirishe wenyewe. Dokta akasema hatuahirishi. Kwa hiyo tukavihamisha kimyakimya, tukajaza mitihani yake ya zamani kwenye maboksi mengine, chumba kionekane vile vile."

"Nani alijua?"

"Mimi, Dokta na Mama."

"John Paul?"

Bridgit alisita. "Hapana."

"Ni katibu wenu."

"Mheshimiwa Ochen ni mjomba wake, Madam. Ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki. John Paul hakutuficha. Tena yeye ndiye aliyetafsiri zile hotuba, sisi wengine hatujui lugha zote mbili kama yeye. Tulimuuliza, tuiondoe sura hii? Akasema iacheni. Tulimwamini." Aliangalia chini. "Tulimwamini, lakini hatukumwambia."

Taaka alipasua boksi moja, akararua nailoni na kutoa kitabu. Jalada lilikuwa na rangi ya udongo mwekundu, na mstari mweusi uliolipasua katikati.

Alikigeuza mara mbili mkononi.

"Hiki si cha bluu," alisema.

"Cha bluu kilikuwa cha majaribio. Tulipoyaona mabango ya Mheshimiwa yametapakaa barabarani, yote bluu ile ile, tukasema kitabu chetu hakivai rangi ya bango la mtu. Tukabadilisha dakika ya mwisho."

"John Paul alikiona hiki?"

"Bado. Alijua kile cha majaribio tu. Maboksi yalipofika alikuwa Kampala. Aliporudi hakuna aliyeyafungua, tuliyaacha yafunguliwe Jumamosi. Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu ameniambia aliona jalada la bluu likijikunja motoni."

Bridgit alikaa juu ya robota. Mama yake aliacha kukunja nguo.

"Labda alichanganyikiwa," Bridgit alisema polepole. "Moshi, hofu... mtu anaweza kuchanganya rangi."

"Anaweza. Lakini chumbani hapakuwa na kitabu hata kimoja, cha rangi yoyote. Aliyefika kuokoa angeona karatasi za mistari zikiruka. Yeye aliona kile alichokuja kukichoma."

"Huyo mtoto amekula ugali wangu," mama alisema. "Mara ngapi, Bridgit? Mara ngapi amekaa hapa akala?"

Bridgit alikuwa amejifunika uso kwa mikono, na mabega yake yakatikisika mara moja, kisha yakatulia. Alipoinua kichwa macho yalikuwa makavu.

"Utavichukua?" aliuliza. "Ushahidi?"

"Nahitaji kimoja," Taaka alisema. "Huku mimi si askari. Niazime."

*

Kituoni, John Paul hakukana kwa muda mrefu. Taaka alikiweka kitabu mezani katikati yao. John Paul alikitazama kama mtu anayemwona maiti akikaa kitako.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Kilipokuwa tangu Alhamisi. Ulichoma mitihani, John Paul."

Alinyoosha mkono wenye bendeji akagusa jalada. Alifungua sura ya tatu, akasoma mistari michache, midomo ikicheza. Kisha akakifunga taratibu.

"Tafsiri ni yangu," alisema. "Kila neno. Hawakubadilisha."

"Mjomba wako ndiye aliyekutuma?"

"Hapana! Usimwandike hivyo. Hakunituma." Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Nilimpelekea ile sura mwenyewe, wiki mbili kabla. Nilitaka asikie kwangu, asisikie barabarani. Nilidhani atanifokea. Afande, mzee yule alilia. Alikaa kitandani akalia kama mtoto, akaniuliza, nilikukosea nini? Mimi nitamjibu nini?"

"Na ile simu ya Alhamisi?"

"Ilikuwa mimi. Niliazima simu ya mtu. Nilitaka waahirishe wenyewe, uchaguzi upite. Walipokataa..." Aliinua mabega. "Nilimwaga petroli, nikawasha, nikabaki nimeduwaa. Ndio maana mkono uliungua. Ilipokwisha kushika nikajaribu kuvuta boksi. Hilo si uongo. Nilijaribu kweli."

"Ulimwacha Paddy akae ndani kwa kosa lako."

Hilo, zaidi ya yote, ndilo lililomfanya John Paul ashindwe kumtazama Taaka usoni.

"Nililoandika kwenye kitabu ni kweli," alisema mwishowe. "Andika na hilo. Nimechoma, nitafungwa, lakini mtu asije akasema nilichoma kwa sababu ni uongo."

Taaka aliandika.

*

Afande Aanyu, mkubwa wake, alikuwa mwanamke Mteso mwenye sauti nzito, aliyejiunga na polisi Taaka akiwa bado shule ya msingi. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akizungusha kalamu.

"Kazi mzuri," alisema. "Sasa hiyo vitabu yote iletwe hapa, iwekwe store ya vielelezo. Kesi ikiisha, watapata."

"Kesi itaisha lini, Afande?"

"Mimi si jaji."

"Basi uchaguzi utapita, na mwingine utapita."

Aanyu aliacha kuzungusha kalamu. "Taaka, asubuhi yote simu inalia. Watu ya Mheshimiwa wanasema Jumamosi kutakuwa na fujo. Wanataka tuzuie. Unataka mimi nawaambia nini?"

"Waambie vitabu havikuungua, kwa hiyo si kielelezo cha moto. Havikuibiwa, kwa hiyo si kielelezo cha wizi. Viko Kenya, kwenye duka la mama mmoja, na mimi sina mamlaka ya kuvigusa. Kilichoungua ni mitihani, hiyo ninayo. Cha rangi ya udongo ninacho kimoja, kinatosha mahakama."

"Na fujo?"

"Nitasimama mlangoni."

"Peke yako?"

"Ukinipa watu, tutakuwa wengi. Usiponipa, nitasimama peke yangu. Lakini barua ya kuzuia sitaipeleka mimi, Afande. Utafute mwingine wa kuipeleka, na umwambie aandike jina lake."

Simu ya mezani ililia. Wote wawili waliitazama. Aanyu aliiacha ilie mpaka ikachoka.

"Unajua mimi ni mtu wa upande gani?" aliuliza.

"Najua, Afande."

"Na hiyo kitabu inasema tulidanganywa."

"Inasema mlidanganywa wote. Nyinyi na wale wengine."

Aanyu alivuta pumzi ndefu kupitia puani. "Chukua askari sita. Na wewe uvae sare, hiyo gauni ya Busia nimesikia habari yake."

*

Ijumaa vitabu vilivuka mpaka mchana kweupe, juu ya pikapu ya wazi. Bridgit aliketi nyuma pamoja navyo, na kila boksi lilitangazwa forodhani kwa jina lake.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Taaka alisimama mlangoni, sare imenyooshwa, askari wake wamegawanyika nje. Vijana waliovaa fulana za bluu waliingia kwa kundi, wakakaa safu za nyuma, mikono imekunjwa. Hakumzuia hata mmoja. Alikagua mifuko yao, akawaonyesha viti.

Dokta Oguttu alipanda jukwaani. Alisoma majina ya waandishi wote, mmoja mmoja, na alipofika kwa John Paul Osinya hakuruka. Minong'ono ikaenea. Mzee aligonga sakafu kwa fimbo.

"Yuko mahabusu kwa kuchoma ofisi yetu, na anastahili kuwa pale," alisema. "Lakini sura ya tatu aliitafsiri yeye, na aliitafsiri sawasawa. Sisi hatufuti jina la mtu kwenye kazi aliyoifanya."

Kisha akamwita Awor, mkulima wa Petta, mmoja wa waliozungumza na watafiti. Kitabuni walitaka kumficha jina, akakataa. Alipanda akiwa na kitambaa kichwani na miwani ya kuazima, akaanza kusoma hotuba ya Mheshimiwa, ile ya asubuhi, kwa Kiswahili cha kujikwaa. Alipoimaliza akafungua ukurasa wa pili, wa jioni.

Kutoka nyuma kijana mmoja wa fulana ya bluu alisimama.

"Wacha hiyo Kiswahili!" alipaza sauti. "Soma kwa lugha yetu!"

Vichwa viligeuka. Taaka aliuacha mlango, akapiga hatua moja ndani.

Awor alivua miwani, akamtafuta kijana yule kwa macho mpaka akampata.

"Lugha yetu ipi?" aliuliza.

Kijana alifungua mdomo. Alitazama waliokaa kulia kwake, kisha waliokaa kushoto, wote wamevaa fulana moja na yeye, nusu yao hawazungumzi lugha ya mama yake. Nao walikuwa wanamtazama, wanangoja ataje.

Hakutaja. Awor alimsubiri kwa heshima, kama anavyosubiriwa mgeni amalize salamu. Alipoona hana neno, alirudisha miwani puani, akaweka kidole kwenye mstari alipoachia, na akaendelea kusoma, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Nje, watu waliokosa nafasi walikuwa wakisukumana kwenye ngazi. Taaka aliondoa komeo la ubao wa pili wa mlango, akausukuma mpaka ukagonga ukuta, nao wakamsikia Awor akisoma.